Sakafu Isiyo na Nguo

Mama huwaambia wateja wake wa malewa
kwamba mwanawe anajenga hospitali kwa kipanya.
Wanacheka. Panya wanayemjua wao
hutoboa ghala, hajengi hata kiota cha maana.
Nami nacheka nao. Sielezi.

Ningeeleza nini?
Kwamba kule Ntinda, juu ya duka la dawa,
tuko watatu kwa soketi moja;
kwamba mwezi wa kwanza nililipwa nauli na asante,
wa pili laki tatu, bando nikajinunulia;
kwamba nguzo nazisimika bila jembe,
na ukuta nikiukosea naufuta
kama mtoto anavyofuta kamasi, kwa kiganja, bila aibu.

Niliipendea hilo hasa kazi hii:
haina vumbi. Haina anayeumia.
Bomba likipita ndani ya boriti
skrini huwaka nyekundu, hunisemea,
nami nalisogeza usiku huohuo
huku Bwana Okwir akipiga miayo mlangoni:
"Zege ndilo halilali, Khainza. Wewe lala."

Wodi ya wazazi, Mbale, ghorofa moja juu ya nyingine.
Vipandio kumi na vinane,
kila kimoja milimita mia na sabini.
Niliipenda ile ngazi. Niliizungusha
nikaitazama kwa chini, kwa ubavu,
mahali ambapo hakuna mgonjwa atakayewahi kuitazama.

Waliimwaga Alhamisi.
Jumatatu nilipanda basi la alfajiri kwenda kuiona,
kofia yangu mpya ikinuka plastiki.

Juu yake alikuwa ameketi Nandudu, fundi wa vigae,
rika langu, futi kamba shingoni,
anakula muhogo wa kukaanga.
Hakuinuka. Alinimegea.
"Injinia, sakafu yako uliivika nguo?"
Sikumwelewa.
"Chini na juu nalaza saruji na mchanga, kisha kigae.
Milimita sitini.
Kwenye ngazi nimepewa ishirini tu.
Arobaini zangu zinakwenda wapi?"

Nikafungua kompyuta juu ya mfuko wa saruji.
Sakafu ya chini: uchi. Ya juu: uchi.
Zege tupu kwa zege tupu, sawasawa, safi,
na wekundu haupo popote,
maana mashine haigombani na kitu
ambacho hukukichora.

Kipandio cha kwanza kingezama, cha mwisho kingeinuka.
Vidole viwili, basi.
Lakini nilimwona mjamzito, usiku, taa zimekatika,
mguu umeshakariri,
unaudai ule wa mwisho uwe kama ndugu zake.

Nilimpigia Okwir. Kimya kirefu.
"Nani ameona?"
"Fundi wa vigae."
"Mshukuru. Vunjeni."

Nilipanga kuondoka kabla ya nyundo.
Nikabaki, siku mbili.
Nondo zikachomoza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi,
na vumbi langu la kwanza nililimeza
pamoja na chai ya vibarua.
Hawakuniuliza kosa ni la nani.
Walimtazama tu yule anayeshika sepetu
kama anayeshika nyoka.

Mwezi uliopita nilirudi. Mvua ya Wanale
ilikuwa imeondoka na umeme.
Nikapanda ngazi macho nimeyafumba,
nahesabu kwa unyayo:
kumi na tano, kumi na sita,
kumi na saba (hapo nikashika ukuta),
kumi na nane.
Mguu haukushtuka.

Muuguzi mmoja akanipita akishuka mbio,
beseni mkononi, taulo begani,
anamwita mtu kwa jina.
Hakutazama chini hata mara moja.